Huruma kazini na muhali: mambo mawili tunayoyachanganya

Viongozi wetu hapa Zanzibar wanapokutana na watendaji, neno moja halikosi kutajwa: acheni muhali. Viongozi hao hao, na pengine katika hotuba hiyo hiyo, huwataka wafanyakazi wa hospitali, wa mabaraza ya miji na wa madirisha ya huduma waache lugha zisizofaa na wawapokee wananchi kwa upole. Msikilizaji aliyekaa barazani na redio yake hubaki na suali lililo halali kabisa: tunatakiwa tuwe wakali au tuwe wapole? Kwa mkuu wa kitengo suali hilo ni zito zaidi. Ana mfanyakazi anayechelewa karibu kila siku, anajua kwamba mama wa mfanyakazi huyo amepooza na hana mwengine wa kumuosha na kumlisha asubuhi, na saa moja na nusu daftari la mahudhurio liko mezani linamngoja aamue.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na kutia mambo manne katika kapu moja, kwa hiyo ni vyema tuyatenganishe mapema. Adabu ni mwenendo wa nje: salamu, kumwita mtu mzima kwa heshima yake, kutomkatiza anaposema. Wema ni kumfanyia mtu jambo linalomfaa hata kama hana shida yoyote. Ukimpakia mwenzako kwenye gari yako hadi Mwanakwerekwe umemfanyia wema. Huruma ni nyembamba zaidi na nzito zaidi, kwani ni kuiona dhiki ya mtu, kuguswa nayo, na kufanya kitu ili ipungue. Muhali ni kushindwa kusema au kutenda linalostahiki kwa kuona haya, kwa kuchelea kuvunja udugu na ujirani, au kwa kuogopa kusemwa. Anayefikiriwa katika huruma ni mwenye dhiki. Anayefikiriwa katika muhali ni mimi mwenyewe: jina langu, na namna nitakavyotazamwa nitakapokwenda mazikoni mtaani kwetu.

Hakuna haja ya kujifanya hatuioni mizizi ya muhali. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika visiwa vyetu vyote, na watu hao wamefungamana kwa nasaba, ndoa, skuli na misikiti. Afisa utumishi aliyemuandikia mtu barua ya onyo Jumatano anaweza kukaa naye safu moja katika sala ya Ijumaa, na Jumamosi wakakutana tena kwenye harusi ya mtoto wa dada wa mmoja wao. Wanaoandika miongozo ya utawala wakiwa mbali na visiwa vidogo huupuuza mzigo huu, na ndiyo maana miongozo yao huishia kabatini. Lakini ukaribu huo huo ndio unaoturahisishia huruma, kwa sababu tunajua nani ana mgonjwa, nani kafiwa, nani paa lake lilivuja masika yote. Tatizo letu kubwa liko katika tunachokifanya na habari hizo.

Mfano mzuri unapatikana Pemba wakati wa msimu wa karafuu, kwenye kituo cha kununulia. Mzee ameleta gunia lake, amepanga foleni tangu asubuhi, na zamu yake imefika. Karani anatia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, anachota karafuu za chini, anachagua chache na kuzivunja kwa vidole. Karafuu iliyokauka sawasawa hukatika kwa mlio mdogo. Yenye unyevu hupindika, na ikiingia ghalani inaweza kushika ukungu na kuziharibu na za wengine. Za mzee zinapindika. Karani mkali atapaza sauti ili foleni nzima isikie, atamuuliza mzee kama ameona hapa ni jaa, na gunia litasukumwa kando kwa mguu. Karani wa muhali atakumbuka kwamba mzee huyu ni mkwe wa jirani yake, ataangalia pembeni, na gunia litapanda kwenye mizani. Hasara yake itabebwa na wakulima waliosubiri siku kadhaa karafuu zao zikauke, na sifa ya karafuu ya Zanzibar itapungua kidogo bila ya mtu kujua nani kaipunguza. Karani mwenye huruma atamtia mzee karafuu mbili mkononi, moja kavu na moja ya gunia lake, na kumwambia azivunje mwenyewe. Kisha atamwambia kwa sauti ya watu wawili kwamba hazitapokelewa leo, kwamba azirejeshe kwenye jamvi na asizichanganye za jana na za juzi, na atamuuliza atarudi vipi nyumbani na mzigo.

Karani wa kwanza na wa tatu wote wamekataa, na jibu lao kwa mzee ni moja. Kinachotofautiana ni kwamba mzee wa karani wa tatu ameondoka akijua kosa liko wapi, na heshima yake mbele ya watu haikuguswa. Anayesema kwamba ukitaka nidhamu lazima uwe mkali, na anayesema kwamba ukiwa na huruma huwezi kukataa, wote wawili wanaichanganya nguvu ya uamuzi na namna ya kuufikisha.

Watafiti wa uongozi wameichambua huruma ya kazini kwa kina, akiwemo Jane Dutton wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, na wanaielezea kuwa ni mwendo wenye hatua: kuona kwamba mtu ana dhiki, kuielewa dhiki hiyo bila ya kumhukumu haraka, kuguswa nayo, na kutenda. Faida ya kuigawa hivi ni kwamba unaweza kujua ni hatua gani inayokwama katika ofisi yenu. Kwetu, naona, kuguswa si tatizo. Tunakwama zaidi mwanzo na mwisho.

Tunakwama mwanzo kwa sababu mtu wa hapa akiulizwa hali atajibu alhamdulillahi hata kama usiku mzima hakulala. Mkubwa wa kazi anayesubiri kuambiwa atasubiri sana. Dhiki huonekana katika mabadiliko: aliyekuwa akichekesha chumba kizima sasa anakula peke yake, mhasibu makini anaanza kukosea hesabu ndogo ndogo, msaidizi aliyekuwa akifika kabla ya wote sasa anaingia ameinamisha kichwa. Kuona mabadiliko hayo kunahitaji mkubwa atoke ofisini kwake na apite kwenye vyumba vya watu, jambo ambalo wakubwa wengi wanalihesabu kuwa ni kupoteza wakati.

Turudi kwa yule mwenye mama aliyepooza. Ukali utamuandikia barua bila ya kumuuliza. Muhali utafanya jambo baya zaidi, yaani kumruhusu mwenzake amtilie saini kwenye daftari, jambo ambalo linamfanya yeye kuwa muongo, mwenzake kuwa muongo, na wengine wote kuwa na manung'uniko yanayonong'onwa kwenye chai. Huruma itamwita faragha na kumuuliza asubuhi yake ikoje, kisha itatafuta mpango: kwa miezi miwili aingie saa tatu na atoke saa kumi na nusu, kazi ya dirishani ya asubuhi ichukuliwe na mwengine ambaye naye atapunguziwa ya alasiri, na mpango huo uandikwe ukiwa na tarehe ya kuangaliwa upya. Kuandika si ukosefu wa imani. Karatasi inamlinda mfanyakazi siku mkubwa wake atakapohamishwa, na inawaonesha wenzake kwamba alichopewa hakikutokana na ujamaa, na kwamba yeyote atakayefikwa na hali kama ile ataweza kuomba kama alivyoomba yeye.

Mwisho tunakwama kwenye kutenda. Chukua mpishi wa kutoka Konde anayefanya kazi katika hoteli ya Nungwi, ambaye saa nne asubuhi anapigiwa simu kwamba baba yake amefariki. Maziko ya Kiislamu hayasubiri. Baba anaweza kuzikwa alasiri ile ile au kesho yake mapema. Mtoto huyo ana safari ya gari kutoka ncha ya kaskazini ya Unguja hadi mjini, kisha atafute boti ya kwenda Pemba au ndege inayotua Chake Chake, na bado kuna barabara ya kwenda Konde. Katika hali hiyo kila saa moja ina thamani yake. Kama fomu ya ruhusa inataka saini ya meneja aliye kikaoni, ya afisa utumishi aliye mjini na ya mkurugenzi asiyepokea simu, hakuna hata mmoja kati yao atakayekosa huruma moyoni, na baba atazikwa mwanawe akiwa bado Mkwajuni. Watampa mkono wa pole atakaporudi, na watachanga, na watu wema watalia naye. Alichokihitaji ni msimamizi wa zamu mwenye madaraka ya kumwambia ondoka sasa hivi, fomu utajaza ukirudi. Dereva wa hoteli wa kumfikisha mjini. Na orodha iliyopangwa kabla ya msiba wowote, inayoonesha nani anashika jiko la nani. Huruma ya taasisi hutengenezwa siku ambayo hakuna aliyekufa.

Ramadhani inatupa mfano wa namna hiyo kila mwaka. Mpishi aliyefunga anasimama mbele ya moto mchana kutwa akiwapikia wageni wasiofunga, na hawezi hata kuonja chumvi kwa raha. Hoteli iliyofikiri kabla humpangia zamu inayomuacha afuturu akiwa amekaa. Ambayo haikufikiri humpa tende tatu akiwa amesimama na sahani za chakula cha usiku zinatoka.

Lipo jambo jengine linalowasumbua khasa wauguzi, walimu na wale wanaosikiliza matatizo ya watu mchana kutwa. Wengi wao huamini kwamba huruma ndiyo inayowachosha, na kwamba kukaa muda mrefu kazini lazima kuufanye moyo uwe mgumu. Mtafiti Tania Singer wa Ujerumani na wenzake wameonesha kwamba kuubeba uchungu wa mwengine na kumhurumia ni hali mbili tofauti, hata katika namna ubongo unavyofanya kazi. Mtu akizama baharini, anayejitupa majini bila ya kujua kuogelea atazama naye, na aliyebaki juu ya mtumbwi akamnyooshea pondo ana nafasi ya kumvuta. Wa kwanza ameubeba uchungu. Wa pili amehurumia. Muuguzi anayelia na kila mgonjwa atachoka, kisha atajikinga kwa ukali au kwa kutowatazama wagonjwa machoni. Muuguzi aliyefundishwa kuuliza "nini naweza kumfanyia huyu sasa?" anabaki na mahali pa kusimama.

Hilo halimaanishi kwamba uchovu wa kazi ni kosa la mchovu. Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huo mwaka 2019 kuwa ni hali inayotokana na shinikizo la muda mrefu kazini ambalo halikushughulikiwa vizuri, na dalili zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija. Wodi ikiwa na muuguzi mmoja mahali panapotakiwa watatu, semina ya upole haitamsaidia yeye wala mgonjwa wake.

Dhana kwamba ukali unaongeza umakini imepimwa pia, na matokeo yake hayawafurahishi wakali. Mwaka 2015 Arieh Riskin na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Israel kwa timu 24 za madaktari na wauguzi wa watoto wachanga mahututi. Timu hizo zilipewa zoezi la kumtibu mtoto wa mfano. Baadhi yao zilisikia maneno ya dharau kutoka kwa aliyetambulishwa kuwa ni mtaalamu mgeni, na nyengine zilisikia maneno ya kawaida. Waliodharauliwa walifanya vibaya zaidi katika kuutambua ugonjwa na katika kazi za mikono. Walipungukiwa hata katika kupeana habari na kuombana msaada. Mkubwa anayemkaripia muuguzi mbele ya wagonjwa, kwa hiyo, anakipunguza kile kile anachodai kukitafuta.

Wengine watatoa msemo wa wazee, kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini, wakimaanisha kwamba ukiwapa watu upole watakupanda kichwani. Msemo ni wa kweli pale panapokosekana mpaka, na mahali pasipo na mpaka ndipo penye muhali. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, aliposoma timu za hospitali katika miaka ya 1990 alikuta jambo lililomshangaza: timu zilizokuwa na mahusiano mazuri zaidi ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi ya dawa. Alipochunguza aliona kwamba timu hizo zilikuwa zikiyataja makosa yao, na timu zenye wakubwa wa kuogopwa zilikuwa zikiyaficha. Kila aliyewahi kufanya kazi chini ya mkubwa wa kuogopwa anajua namna faili linavyoweza kupotea pale ambapo kuonekana kwake kungemletea mtu karipio.

Wanaosema kwamba hawana muda wa kuonesha huruma nao wana jibu lao. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Linda Fogarty, waliwaonesha wanawake video ya daktari akizungumzia matibabu ya saratani, na kundi moja likaoneshwa video iliyoongezwa maneno machache ya daktari kukiri kwamba jambo hili ni gumu na kwamba yuko pamoja na mgonjwa. Nyongeza hiyo ilikuwa ya sekunde 40 tu, na wasiwasi wa walioiona ulipungua zaidi kuliko wa wenzao. Sekunde 40 ni pungufu ya muda tunaoutumia kumuamkia mtu kwa ukamilifu wake.

Upo pia upotofu wa kutumia wema kufunika haki. Mgomo mkubwa wa mwaka 1948 uliosimamisha shughuli mjini Unguja ulianza kwa wafanyakazi wa bandarini waliokuwa wakidai ujira unaolingana na gharama za maisha, na sidhani kuna aliyefikiri kwamba wangetosheka na tabasamu la bwana mkubwa wao. Leo tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na kwa watumishi wa serikali Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya mwaka 2011. Mshahara unaolipwa kwa wakati, likizo na mapumziko ya uzazi ni haki, na mwajiri anayezitoa haki hizo akijisifu kwa ukarimu anamlipa mtu deni na kumtaka ashukuru kana kwamba kapewa zawadi. Huruma huanza pale sheria inapoishia.

Wenye cheo hawako peke yao katika jambo hili. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, ambako kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989, hawana meneja, lakini maji ya bamvu yakitoka kabisa na mmoja wao akawa mgonjwa au amejifungua karibuni, wenzake wanaweza kumfungia kamba zake kabla ya maji kurudi. Akipona atafanya hivyo kwa mwengine. Ofisini tungeweza kuiga, na badala yake mara nyingi tunakimbilia kwenye michango. Hapo kuna jambo la kuangalia. Ujumbe unaotumwa kwenye kundi la simu la watu sitini, unaotaja jina la mgonjwa, ugonjwa wake, na kwamba mumewe amemkimbia, umekusanya fedha kwa kumvua nguo mtu hadharani. Kama mwenyewe hakukubali, basi ingetosha kusema kwamba mwenzetu mmoja ana haja, na anayeijua habari kamili awe mtu mmoja tu aliyeaminiwa. Sitara nayo ni huruma.

Mahali ambapo mkanganyiko wa huruma na muhali huleta madhara makubwa zaidi ni kwenye udhalilishaji kazini. Msichana aliyeajiriwa karibuni analalamika kwamba msimamizi wake anamtaka, na ameanza kumtishia kuhusu mkataba. Kinachofuata mara nyingi ni wazee wa ofisi kukutana na kuzungumza kwa sauti za upole: huyu bwana ana watoto, amebakisha miaka miwili kustaafu, tukimfikisha mbali tutaivunja nyumba yake, tumuonee huruma. Huruma imetajwa, lakini aliyeonewa huruma ni mwenye nguvu, na dhiki iliyoletwa mezani ilikuwa ya mwengine. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 kuhusu ukatili na udhalilishaji katika ulimwengu wa kazi, unakusudia kumlinda kila mfanyakazi, wakiwemo walio mafunzoni na wanaotafuta ajira, kwa sababu hao ndio wenye sauti ndogo zaidi. Mkubwa mwenye huruma atamsikiliza msichana mahali pa faragha akiwa na mwanamke mwengine anayemwamini, ataandika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, atamuondoa msimamizi katika nafasi ya kuuamua mkataba wake tangu siku hiyo, na atalipeleka shauri kwenye chombo kinachohusika, ambako msimamizi naye atapata haki ya kusikilizwa. Na ikiwa lazima mmoja wao ahamishwe wakati shauri linaendelea, atakayepewa barua ya uhamisho asiwe yule aliyelalamika.